Dumfries House: jumba lililookolewa na karatasi za malipo

Wandugu, wale wa historia mtanifahamu haraka. Wale wa uchumi na wa ujenzi, musikimbie, yenu pia iko ndani.

Kusini-magharibi ya Uskoti, katika Ayrshire, karibu na mji mdogo wa Cumnock, kuko jumba la mashambani linaitwa Dumfries House. Mu mwezi wa Juni 2007 jumba hilo lilikuwa limebakiza siku chache tu livunjwe. Si kuvunjwa kwa nyundo, hapana. Kuvunjwa kwa mnada. Nyumba na mashamba yake vilikuwa vimetangazwa kuuzwa, na vitu vya ndani, viti, meza, vioo, vitanda, makabati, vilikuwa vimepangiwa mnada wa Christie's kule London mwezi wa Julai. Katalogi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, tena mabuku mawili mazima. Malori yalikuwa yamepakia, mengine yako njiani kwenda London.

Ndipo mapatano yakafikiwa saa za mwisho kabisa. Pauni milioni 45 kwa kila kitu pamoja: nyumba, mashamba na samani. Malori yakaambiwa yageuke, na vitu vikarudishwa mu vyumba vyake.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, nilijiuliza swali ambalo pengine na wewe unajiuliza sasa: pauni milioni 45 juu ya viti? Mu eneo ambalo migodi ya makaa ya mawe ilifungwa na vijana hawana kazi? Swali ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu, tuanze kwenye mizizi.

Jumba lilijengwa kati ya 1754 na 1759. Mwenyewe alikuwa William Dalrymple, Earl wa tano wa Dumfries (Earl ni cheo cha mtu mkubwa wa tabaka la juu, wazungu wanarithishana). Alikuwa askari, alipigana huko Dettingen 1743. Mwana wake wa kiume alikufa angali mdogo, na mke wake wa kwanza akafa 1755 jumba likiwa bado linajengwa. Basi mzee alikuwa na jumba jipya, na hana mrithi. Wengi husema uzuri wote ule ulikuwa pia wa kumvutia mke mpya. Mke alimpata kweli, 1762. Mtoto hakumpata, na 1768 akafa.

Waliochora jumba ni ndugu wa ukoo wa Adam, wana wa mjenzi mkubwa wa Uskoti. Kati yao Robert Adam ndiye alikuja kuwa na jina kubwa kupita wote, lakini wakati huo alikuwa bado kijana, na msingi ulipokwisha kuwekwa akaondoka 1754 kwenda Italia kusoma magofu ya Warumi. Kaka yake John ndiye alibaki na mafundi. Njo vile inakuwaka: mwenye jina anakwenda safari, mwingine anabaki na vumbi.

Sasa tuingie ndani, juu ndani ndiko siri iko.

Mwaka 1759 Earl alishuka London kununua samani kwa seremala anayeitwa Thomas Chippendale. Miaka mitano mbele, 1754, Chippendale alikuwa ametoa kitabu cha michoro ya samani ambacho kilimfanya ajulikane nchi yote. Na kwa sababu ya kitabu kile, mafundi wengine wengi walinakili kazi yake. Tena yeye mwenyewe hakuwa na kawaida ya kuandika jina au kupiga muhuri chini ya kiti. Matokeo yake: leo kuko viti elfu na elfu duniani "vya namna ya Chippendale", lakini vile ambavyo unaweza kuapa kwamba vimetoka mu karakana yake ni vichache sana.

Unaapa namna gani? Kwa karatasi. Earl alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na hati za malipo za Chippendale zilibaki. Hati inasema kabati kubwa la vitabu, la mti wa thamani, kwa pauni 47 na shilingi kidogo, na kabati liko pale. Hati inasema viti vya kitambaa cha bluu, na viti viko pale. Si London tu: samani zingine Earl aliagiza kwa mafundi wa Edinburgh, kama Alexander Peter na Francis Brodie, na hesabu zao pia zilitunzwa. Kwa hiyo kila kitu kina mashahidi watatu: kitu chenyewe, chumba ambamo kiliwekwa, na karatasi inayosema nani alikitengeneza na kwa bei gani. Sasa fikiria mnada. Kiti kimoja kinakwenda New York, kingine Dubai, kabati linakwenda kwa tajiri asiyetaka kujulikana, karatasi zinabaki peke yake mu sanduku. Kila kitu kingeendelea kuwepo, lakini ushahidi ungekuwa umekufa. Mtu yeyote aliyehangaika na TFC yake akitafuta chanzo kimoja tu anajua ninasema nini.

Unaweza kuuliza pia: vitu vilibakije pamoja miaka 250? Jibu lake linachekesha. Vilibaki juu ya kusahauliwa. Jumba lilirithiwa na mpwa wa Earl, halafu kwa njia ya ndoa likaingia mu ukoo wa Marquess wa Bute, matajiri wakubwa waliokuwa na ngome huko Cardiff na jumba lingine kisiwani Bute. Watu wenye nyumba nyingi hawana haraka ya kubadilisha samani za nyumba ambayo hawalali. Mwisho wa karne ya 19 waliongeza tu sehemu za pembeni, na humo kuko chumba cha mazulia ya ukutani yaliyofumwa Brussels, wakati Ubelgiji kama nchi ilikuwa bado haijazaliwa. (Brussels tunaijua kwa sababu zingine, tuache.) Mkaaji wa mwisho alikuwa mama mjane wa ukoo ule, aliyekufa 1993. Baada yake jumba likafungwa, na Marquess wa saba, yule aliyewahi kushinda mashindano ya magari ya Le Mans 1988, akaamua kuuza.

Watetezi wa majengo ya zamani walipiga kelele miaka kadhaa bila kupata pesa. Mwishoni Prince Charles, ambaye leo ni Mfalme Charles III, aliingia kati: mfuko wake wa misaada ulikopa pauni milioni 20, na zingine zikatoka kwa mifuko ya urithi, wafadhili, na serikali ya Uskoti iliyotoa milioni 5. Tarehe 6 Juni 2008, watu wa kawaida wakaingia ndani.

Lakini kuna karatasi nyingine ambayo haimo mu sanduku la Earl. Mbao za mahogani ambazo maseremala wa Uingereza walitumia karne ya 18 zilitoka hasa Jamaika na sehemu zingine za Karibea na Amerika ya Kati. Waliokata miti ile na kuivuta mpaka mtoni walikuwa wengi wao watumwa, watu walionunuliwa Afrika ama watoto wao. Hati ya malipo inajua jina la Earl, inajua jina la Chippendale, inajua bei mpaka senti ya mwisho. Aliyeangusha mti haimjui. Sisemi hivi ili tuchome viti. Ninasema hivi juu mtu akiambiwa "historia yote iko hapa, imetunzwa kamili", inafaa aulize ukamilifu huo unaanzia kwa nani. Tena tungeweza kuuliza vizuri zaidi mbele ya kiti chenyewe na karatasi yake kuliko mbele ya picha ya katalogi.

Nje ya geti kuko historia nyingine. Wilaya hiyo ni ya makaa ya mawe. Keir Hardie, aliyepigania wachimbaji na kuingia bungeni 1892 kama mtu wa wafanyakazi, alikaa Cumnock. Septemba 1950, huko New Cumnock, tope liliporomoka ndani ya mgodi wa Knockshinnoch na kufungia watu 129; 116 walitolewa wazima kupitia mgodi wa zamani wa jirani, 13 walikufa. Halafu migodi ikafungwa mmoja mmoja: Killoch 1987, Barony 1989. Na machimbo ya juu ya ardhi yaliyobaki yalipata pigo kubwa 2013, kampuni yake ilipofilisika.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kutafsiriwa hiyo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Hiari! Kuko wazee mu mtaa wetu ambao mpaka leo hutamka neno hilo na kutema mate.

Ndiyo maana mimi sikuishia kwenye viti, nilitaka kujua kazi. Kutengeneza nyumba ya aina hii si kupaka rangi. Rangi ya ukuta inakwanguliwa kidogo kidogo na kuangaliwa kwa hadubini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ijulikane ya kwanza ilikuwa gani. Plasta ya dari yenye maua inatengenezwa kwa mkono. Jiwe lililooza linatolewa na lingine linachongwa kwa kipimo chake. Kitambaa cha bluu kinafumwa upya ili viti virudie sura yao. Kazi hizo zinataka mikono iliyofundishwa, na mikono hiyo ilikuwa inapungua Uingereza. Kwa hiyo mashambani mwa jumba kulianzishwa mafunzo: uchongaji wa mawe na useremala wa zamani, ushonaji, mapishi, kazi za hoteli, bustani. Bustani ya ukuta ya ekari tano, ambayo ilikuwa imekuwa pori, ilifunguliwa tena 2014. Mu New Cumnock walitengeneza ukumbi wa mji na bwawa la kuogelea la nje, na bwawa lilifunguliwa tena 2017. Mimi bwawa ndilo lilinigusa kupita kabati, juu kabati Earl alinunua, lakini bwawa ni la watoto wa wachimbaji.

Si kila mpango ulishika. Mkopo ulitegemea sana kijiji kipya, Knockroon, ambamo walitaka kujenga na kuuza nyumba mamia. Mwaka 2008 benki zikaanguka, bei ya ardhi ikashuka, na nyumba zilizojengwa ni chache mno. Deni likaja kulipwa hasa kwa pesa za wafadhili matajiri, na mlango huo ulileta shida yake. Mwaka 2021 magazeti yaliandika madai kwamba mfadhili mmoja wa kigeni alisaidiwa kutafuta cheo cha heshima. Mkuu wa shirika linaloendesha jumba alijiuzulu, polisi wakachunguza, na 2023 wakatangaza kwamba hawaendelei. Jambo hilo lisifichwe. Urithi ukiokolewa na matajiri, utakuwa na madeni ambayo hayaandikwi mu kitabu cha hesabu.

Na lile swali la milioni 45? Msimamo wangu ni huu: kwa nyumba tupu, hapana. Majumba ya kifahari Uingereza yako mengi. Kwa nyumba pamoja na vitu vyake na karatasi zake, na vijana wa Cumnock wakipata kazi humo, ndiyo, hata kama ningependa wachimbaji wangekuwa na kiti kwenye meza tangu siku ya kwanza. Ninajua kuko wenzangu hapa watakataa. Andikeni, tubishane.

Jambo moja bado. Mu soko letu hapa karanga zinafungwaka mu karatasi, na mara mbili nimefungua kifungu nikakuta ukurasa wa daftari la mishahara la kampuni moja ya zamani: majina, namba za kazi, posho ya unga. Ninazo kurasa hizo mbili mpaka leo. Kama kwenu kuko kitabu cha kazi cha babu, karatasi ya mshahara, barua ya kambi, risiti ya kwanza ya kitanda cha ndoa, usiitupe. Piga picha pande zote mbili, andika nani alikupa na ilikuwa imewekwa wapi mu nyumba, halafu unitumie. Tuko watatu tumeanza kuzipanga, na tunahitaji mtu anayejua kusoma mwandiko wa zamani wa Kifaransa.