Sukari ya Pangani

Daktari aliponiambia nipunguze sukari, nilirudi nyumbani nimenuna. Mtu wa Pangani ataachaje sukari? Katika karne ya 19 miwa ilijaa kando ya mto wetu. Ililimwa na watumwa, wakaikata, wakaikamua, wakachemsha maji yake usiku na mchana, utamu ukaliwa na wengine. Hata Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa papa hapa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa. Jambo hili hatukulitaja sana tulipomsifu shuleni.

Lakini kilichonisaidia ni cha karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari ilikuwa ya foleni, tena mara nyingi foleni iliishia patupu. Mama alitugawia tende moja moja: unaitafuna, unashushia chai ya mkandaa. Tulinung'unika mno.

Nimeirudia tende ile. Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama dawa ya minyoo; ya tatu nikaanza kuisikia hiliki. Soda za harusini bado zinanishinda.