Kazi yenye iliachwa wazi

Ndugu zangu, sisi wenye tunajenga tovuti na WordPress kila siku, tukumbuke ilitoka wapi. Mfaransa Michel Valdrighi aliandika b2, programu ya blogu yenye kutunza makala ndani ya hifadhidata ya MySQL. Aliitoa kwa leseni huru ya GPL. Kisha akanyamaza, kazi ikalala.

Mwaka 2003, Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 kule Marekani, na Mike Little wa Uingereza wakaichukua. Tarehe 27 Mei WordPress ikatoka. Hawakuhitaji kuomba ruhusa: leseni ilishaitoa.

Na sisi? TFC ngapi za informatiki zinalala kwa kabati, wadogo zetu wanaanza tena sifuri? Tutoe programu zetu na leseni huru, wenye watakuja waendeleze.