Kipandikizi cha jino baada ya ajali

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya, mahali palipokuwa na mzizi wa jino, ili ibebe jino la bandia lisilovuliwa. Kwa kawaida kipenyo chake ni milimita 3 hadi 5 na urefu wake milimita 8 hadi 14. Juu yake hufungwa kiungo kinachopenya ufizi, na juu ya kiungo hicho hukaa krauni ya kauri inayoonekana mdomoni. Makala hii inahusu waliong'oka meno kwa ajali: pikipiki, gari, kuanguka, mpira, ngumi. Hawa wana tabu zao wenyewe, tofauti na za mzee aliyepoteza meno kwa kuoza au kwa ugonjwa wa fizi. Mara nyingi ni vijana, pengo lao liko mbele ambako kila anayewatazama analiona, na pamoja na jino huwa wamepoteza sehemu ya mfupa uliolishikilia.

Mfupa huo ndio kiini cha jambo lote. Skrubu hutoka kiwandani ikiwa kamili. Taya ni la mgonjwa, na hali yake ndiyo huamua kama kazi itachukua miezi mitatu au miaka mitatu, na kama itafanyika au haitafanyika.

Historia

Wazo la kujaza pengo kwa kitu kigumu ni la kale. Mwaka 1931, katika bonde la mto Ulúa nchini Honduras, kilipatikana kipande cha taya la chini la mtu wa enzi za Wamaya. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa na vipande vya kombe la baharini vilivyochongwa vikafanana na meno. Ilidhaniwa kwamba vilipachikwa baada ya mtu kufa, mpaka picha za eksirei zilizopigwa miaka ya 1970 zilipoonyesha mfupa ulioota kuzunguka viwili kati yake. Mwenyewe alikuwa hai.

Kipandikizi cha leo kilizaliwa Uswidi, tena kwa bahati. Mwaka 1952 mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa Lund akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura, kwa kutumia kifaa cha titani chenye kidirisha cha kutazamia. Alipotaka kukitoa kifaa chake, kiligoma, kwani mfupa ulikuwa umeshikamana nacho. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea Gösta Larsson vipandikizi vinne katika taya la chini. Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya, alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Madaktari wa meno walimtilia shaka Brånemark kwa muda mrefu, labda kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mmoja wao. Mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, ulioandaliwa na George Zarb, ndio uliowageuza wengi.

Siri ya titani iko kwenye utando mwembamba mno wa oksidi unaojitengeneza mara tu metali hiyo inapoguswa na hewa. Mwili hauukatai utando huo, na chembe za mfupa hujenga juu yake moja kwa moja, bila nyama katikati. Zipo pia skrubu za zirkonia, nyeupe kama kauri, lakini uzoefu wa muda mrefu uko upande wa titani.

Saa ya kwanza

Jino la ukubwani lililong'oka zima linaweza kurudishwa tunduni likashika tena, na hakuna kipandikizi kinacholishinda. Juu ya mzizi wake huwa kuna chembe hai. Zikikaa kwenye hewa kavu kwa saa moja, nyingi hufa. Kwa hiyo jino hushikwa upande wa kutafunia, mzizi hauguswi. Likiwa na mchanga, huoshwa upesi kwa maziwa au maji bila kusuguliwa, kisha hurudishwa mahali pake na mwenyewe hung'ata kitambaa mpaka afike kwa daktari. Ikishindikana, jino litiwe ndani ya maziwa baridi, hata ya pakiti kutoka dukani. Kulifungia kwenye karatasi au leso kavu, jambo ambalo wasamaria wema hulifanya kwa nia safi kabisa, ndiyo njia ya haraka ya kuliua. Maji ya dafu yamejaribiwa maabara mara kadhaa na matokeo hayakukubaliana, kwa kuwa yana uchachu. Maziwa hayana ubishi. Daktari hulifunga jino kwa waya mwembamba kwenye meno jirani kwa muda wa wiki mbili hivi. Jino la utotoni halirudishwi, maana linaweza kudhuru la ukubwani linalokua juu ya tundu hilo hilo.

Majeruhi wa bodaboda anapofikishwa hospitali, meno huwa ya mwisho kwenye foleni, na ndivyo inavyopasa: kwanza pumzi, damu, kichwa na shingo, kisha taya lililovunjika. Hata hivyo meno yahesabiwe siku hiyo hiyo. Jino lisiloonekana huenda limezama ndani ya mdomo uliopasuka, limesukumwa juu ndani ya mfupa, au limevutwa na pumzi hadi pafuni, ndiyo sababu daktari makini huagiza picha ya kifua. Fomu ya PF3 ya polisi nchini Tanzania, na ya P3 nchini Kenya, ndipo pa kuandika ni jino gani lililotoka na lipi lililokatika. Mdai wa fidia ambaye fomu yake inasema tu kwamba ameumia mdomoni hupata shida, miezi baadaye, kuthibitisha kwamba pengo lake lilitokana na ajali ile. Kofia ngumu nyingi za bodaboda ziko wazi usoni. Hulinda fuvu na kuliacha taya.

Kinachotokea kwenye mfupa

Meno yanayong'oka zaidi kwa ajali ni mawili ya katikati juu, hasa kwa mwenye meno yaliyochomoza. Ukuta wa mfupa ulio mbele yake, upande wa mdomo, mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Pigo linalong'oa jino huuvunja ukuta huo au kuondoka nao. Hata ukisalimika, uhai wake ulitegemea jino, na jino likitoka huanza kuyeyuka. Ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya unaweza kupungua hadi karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo.

Hapo ndipo kungoja kunapogharimu. Wengi huja baada ya mwaka au zaidi, wakiwa wamesubiri fedha, fidia, au vidonda vingine vipone, na daktari hukuta mfupa usiotosha hata skrubu nyembamba. Inabidi mfupa upandikizwe kwanza. Huchukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, kidevuni, nyuma ya taya la chini au nyongani, au hutumika chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa ukabaki madini matupu. Juu hufunikwa utando wa kuzuia nyama isiingie, na utando unaotumika sana hutokana na nguruwe. Mgonjwa Mwislamu asione haya kuuliza kilichomo kwenye pakiti kabla ya kutia saini, wala Mhindu kuhusu ng'ombe; mbadala zipo, na mfupa wake mwenyewe hauna mgogoro. Baada ya hapo husubiriwa miezi minne hadi sita au zaidi kabla ya skrubu.

Umri

Kwa mtoto na kijana jibu ni hapana, kwa sasa. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini na hushuka pamoja na taya linapokua. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimegandamana na mfupa pale pale kilipowekwa. Kijana wa miaka 14 akiwekewa, meno ya jirani yataendelea kushuka na hilo moja litabaki juu. Akifika miaka 20 litaonekana fupi, ufizi wake umepanda kuliko wa wenzake, na kulirekebisha ni vigumu kuliko kulianza. Wasichana hungojwa mpaka miaka 18 hivi, wavulana 20 au 21, na siku hizi wataalamu wengi huvuta zaidi, kwa kuwa uso hauachi kubadilika hata ukubwani. Mzazi anayesisitiza mwanawe atengenezwe kabla ya kuingia kidato cha kwanza anaeleweka, lakini daktari anayemkubalia hastahili kuaminiwa.

Kazi ya miaka hiyo ya kungoja ni kulinda mfupa. Ndiyo maana hata jino la ukubwani lililokaa nje saa nyingi mara kwa mara hurudishwa kwa mtoto: litagandamana na mfupa na kumezwa polepole, lakini katika kumezwa huko umbo la taya hudumu. Likianza kubaki nyuma ya wenzake, madaktari hukata kichwa chake na kuuacha mzizi chini ya ufizi ugeuke mfupa. Mtoto hupewa jino la plastiki la kuvua, au daraja la kugandishwa nyuma ya jino la jirani bila kulichonga. Katika Skandinavia, hasa Oslo na Copenhagen, kuna mazoea ya miongo mingi ya kuhamisha gego dogo la mtoto mwenyewe hadi pengo la mbele na kulitengeneza lifanane na jino la hapo. Jino hilo hukua na taya, jambo ambalo titani haiwezi.

Upasuaji

Kabla ya kisu hupigwa picha ya eksirei ya pande tatu ili kupima mfupa. Mgonjwa huchomwa ganzi. Kulazwa usingizi si lazima kwa jino moja. Ufizi hufunuliwa, kisha mfupa hutobolewa kwa keekee zinazofuatana, kila moja nene kidogo kuliko iliyotangulia, huku maji ya chumvi yaliyotakaswa yakimwagika muda wote. Maji hayo si ya kusafisha tu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huumia, na mfupa ulioungua haushiki skrubu. Skrubu yenyewe huzungushwa taratibu sana, na daktari husoma kwenye mashine nguvu ya ukinzani wake.

Kwa jino la mbele mahali ni kila kitu. Skrubu hukaa kama milimita 3 chini ya ukingo wa ufizi unaotarajiwa, angalau milimita 1.5 kutoka kwenye mzizi wa jirani, na huelekezwa kidogo upande wa kaakaa ili mbele yake ubaki mfupa wa milimita 2. Ikisogezwa mbele kidogo tu, ufizi utapanda baada ya mwaka mmoja au miwili na rangi ya kijivu itachungulia mgonjwa anapocheka. Brånemark alingoja miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu. Skrubu za sasa, zilizokwaruzwa ili mfupa uzishike upesi, huweza kuvikwa krauni baada ya wiki 6 hadi 12, lakini palipopandikizwa mfupa haraka haina faida.

Krauni huanza na ya muda, ya plastiki, ambayo husukuma ufizi uchukue umbo la jino. Kisha huja kazi ya fundi wa maabara, na hapa Afrika Mashariki ina mtihani wake. Kwa aliyekulia Arusha, Meru au Nakuru, ambako maji yana floridi nyingi, meno ya jirani yana madoa ya kahawia na mistari myeupe. Krauni nyeupe safi katikati yake hupiga kelele kuliko pengo. Fundi hodari hukaa na mgonjwa kwenye mwanga wa mchana na kuyachora madoa hayo ndani ya kauri, moja baada ya jingine.

Njia nyingine na matunzo

Kipandikizi si jibu la kila pengo. Ajali ikiwa imevunja pia meno ya pembeni, ambayo yatahitaji krauni vyovyote iwavyo, daraja linaloyashika hayo huweza kuwa kazi ya haki zaidi, kwa muda mfupi na fedha kidogo. Meno ya jirani yakiwa mazima, kuyachonga ili yabebe daraja ni hasara, na hapo ndipo kipandikizi kinapostahili gharama yake, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya meno ya plastiki na ambayo bima nyingi hazilipi.

Tafiti za muda mrefu zinaonyesha kuwa zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vipo mdomoni baada ya miaka 10. Wanaovipoteza mara nyingi ni wavutaji wa sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wasagao meno usingizini, na wasiopiga mswaki ukingoni mwa ufizi. Kwa kuwa hakina neva za jino, kipandikizi hakiumi kinapoanza kuharibika. Dalili ya kwanza ni damu kwenye mswaki, kisha usaha, na maumivu huja mfupa ukiwa umeshaliwa. Titani haivutwi na sumaku, hivyo kipimo cha MRI hakikatazwi.

Krauni inayotikisika si lazima iwe kipandikizi kilichokufa. Mara nyingi ni skrubu ndogo ya juu iliyolegea, kazi ya dakika chache kwa mwenye bisibisi inayofaa. Tatizo ni bisibisi. Kila kiwanda kina yake, na mtu aliyetengenezewa Dubai au India akarudi Mombasa anaweza kuzunguka kliniki kadhaa pasiwe na inayoingia. Kwa sababu hiyo mgonjwa hudai, siku ya upasuaji, kadi yenye jina la kiwanda, aina ya skrubu, kipenyo, urefu na namba ya toleo, na huitunza pamoja na picha zake za eksirei. Bila kadi, daktari mpya hubaki kulinganisha kivuli cha skrubu kwenye eksirei na picha za mamia ya aina zilizopo sokoni.