Mtawafunga kwa ushahidi wa nani? Uzi kutoka Indaa

Kila msimu wa siasa kuna mtu anapanda jukwaani na kusema, "Tutafunga polisi wote wanaokula hongo." Watu wanapiga makofi. Sawa. Mtawafunga kwa ushahidi wa nani?

Huku Eastlands ukiambiwa fulani "ako Indaa", si lazima awe ameandikwa kiwandani. Rimandi pia iko huko. Kijana anayeshikwa Lunga Lunga Road akitoka shifti ya usiku anajua hesabu: atoe kitu kidogo sasa, ama alale seli, kesho Makadara, na dhamana ikikosekana, Indaa. Basi anatoa.

Akishatoa, naye amevunja sheria. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na kifungo kinaweza kufika miaka 10. Ndiyo, kuna kifungu cha kumlinda anayeripoti. Lakini anaripoti wapi, kwa kituo kile kile?

Shida hii ni ya zamani. Sheria ya kwanza ya rushwa ni ya mkoloni, 1956, na kwa miaka mingi polisi ndio walioachiwa kuitekeleza. Kikosi maalum cha polisi kiliundwa 1993, kikavunjwa 1995. Ikaja KACA 1997. Desemba 2000 Mahakama Kuu ikasema haina mamlaka ya kushtaki, ikaishia hapo. KACC ikafuata 2003, EACC 2011. IPOA nayo iliundwa kwa sheria ya 2011. Zote zinachunguza tu. Anayeamua kushtaki ni DPP.

Na kuchunguza kwenyewe? Mara nyingi ni mtego. Mlalamishi anarudishwa kwa karao na kinasa sauti na noti zilizopakwa unga maalum, kisha mikono ya afisa inapanguswa, sampuli inaenda kwa mkemia wa serikali. Halafu ni miaka ya kuitwa kortini. Makanga gani ataacha gari mara kumi kwa sababu ya mia mbili? Asipofika, kesi imekufa.

Kitu kilichowatikisa hakikuwa korti. Desemba 2013 tume ya huduma ya polisi ilianza kuwapiga msasa maafisa, na zamu ya trafiki ilipofika, wakaitishwa rekodi za M-Pesa. Zikaonyesha askari wadogo wakituma pesa kwa wakubwa wao. Walioshindwa kujieleza, wengine walipoteza kazi.

Lakini kupoteza kazi si kufungwa. Rekodi ya M-Pesa inaonyesha pesa imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Haisemi ilikuwa ya nini. Tume inaweza kumtoa mtu kwa kushindwa kueleza. Hakimu anataka shahidi wa noti ile, siku ile, na shahidi ni yule kijana wa Lunga Lunga.

Kwa hivyo mgombea akija tena Jogoo Road na ile ahadi, muulizeni: huyo kijana akisimama kizimbani kusema alilipa, atatoka kama shahidi ama kama mshtakiwa?