Hatua ya Balehe na Msongo wa Oksidishaji: Kwa Nini Mtoto Mnene Asikimbiziwe Vidonge

Katika mijadala ya unene uliokithiri wa utotoni, hoja moja imezoeleka kiasi cha kutohojiwa tena. Mafuta yakizidi mwilini, seli huzalisha radikali huru kupita uwezo wake wa kuzizima, hali iitwayo msongo wa oksidishaji. Radikali hizo huvuruga kazi ya insulini. Kwa hiyo mtoto apewe antioksidanti, yaani viini vinavyozizima radikali hizo. Hatua mbili za mwanzo zina ushahidi. Ya tatu imepenyezwa. Makala haya yanadai kwamba haitokani na zile mbili, na kwamba wanaoitetea wamelichukua joho la mtu mzima wakamvika mtoto bila kupima mabega yake.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Mtandao wa watafiti wa NCD-RisC ulikadiria kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri duniani walikuwa milioni 11 mwaka 1975, na milioni 124 mwaka 2016. Wala haibishaniwi kwamba unene huandamana na msongo wa oksidishaji. Keaney na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2003 kwa mkojo wa watu wazima wa utafiti wa Framingham wa Marekani, na mwaka 2006 Houstis, Rosen na Lander walionyesha maabarani kwamba radikali huru zinaweza kusababisha usugu wa insulini.

Ubishi unaanza tunapofika kwa mwili unaokua. Mwaka 1999 Moran na wenzake walipima utendaji wa insulini kwa watoto 357. Usugu ulipanda mara balehe ilipoanza, ukafika kilele katika hatua ya tatu ya Tanner (mizani ya kupimia hatua za balehe), kisha ukashuka na kukaribia ulipokuwa kabla ya balehe. Kiasi cha mafuta mwilini hakikutosha kueleza mabadiliko hayo. Basi usugu wa insulini kwa kijana wa miaka 13 si lazima uwe ugonjwa. Huenda ni kazi ya ukuaji wenyewe. Hata hivyo, tafiti nyingi za msongo wa oksidishaji hulinganisha watoto wanene na wembamba kwa umri tu, ilhali inafahamika kwamba wasichana wanene hubalehe mapema. Msichana mnene wa miaka 10 anapolinganishwa na mwembamba wa umri huohuo, mara nyingi tunalinganisha aliyekwisha kuanza balehe na ambaye bado. Tofauti inayoonekana inaandikwa yote kwenye hesabu ya mafuta.

Vipimo navyo vinasaidia kupotosha. Kipimo cha FRAP, kinachotumiwa sana kukadiria uwezo wa damu kupambana na oksidishaji, hutegemea asidi ya yuriki kwa takriban asilimia 60 ya matokeo yake. Asidi hiyo huwa juu kwa watoto wanene, na hupanda zaidi wavulana wanapobalehe. Mtoto mgonjwa anaweza kutoka maabara na cheti cha kinga imara.

Ushahidi mzito zaidi ni jaribio la TONIC la Marekani, lililochapishwa mwaka 2011. Watoto na vijana 173 wa miaka 8 hadi 17 wenye ini lenye mafuta waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: vitamini E uniti 800 kwa siku, metformini miligramu 1,000 kwa siku, na vidonge visivyo na dawa. Walifuatiliwa kwa wiki 96. Lengo kuu lilikuwa kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kishuke hadi nusu ya kiwango cha mwanzo au chini, au kifike uniti 40 kwa lita au chini, na kibaki hivyo kuanzia wiki ya 48 hadi mwisho. Waliofikia lengo walikuwa asilimia 26 kwa vitamini E, 16 kwa metformini na 17 kwa wasiopewa dawa. Kitakwimu, hakuna dawa iliyoshinda.

Watetezi wa vidonge watajibu kwamba vipande vya ini vilivyochukuliwa kwa uchunguzi vilitoa habari tofauti: uvimbe wa ini uliisha kwa asilimia 58 ya waliokuwa nao katika kundi la vitamini E, dhidi ya 28 ya wasiopewa dawa. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mtoto ambaye ini lake limethibitika kuugua siwezi kuipuuza. Lakini hilo halikuwa lengo kuu la jaribio, na kiasi cha mafuta na makovu ndani ya ini hakikutofautiana kwa maana na kile cha wasiopewa dawa. Tena, zaidi ya robo ya wasiopewa dawa walipona uvimbe. Mgawanyo wa nasibu unatuzuia kuhusisha tofauti ya makundi na balehe. Hautuzuii kuuliza ni nini kilichowaponya hao. Katika wiki 96 kijana anaweza kuvuka hatua mbili za Tanner. Nashuku kwamba ukuaji ulishiriki, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi.

Vidonge vinaweza hata kudhuru faida nyingine. Mwaka 2009 Ristow na wenzake waliwapa vijana wa kiume waliokuwa wakifanya mazoezi vitamini C na E kwa wiki 4. Uboreshaji wa utendaji wa insulini unaoletwa na mazoezi ukazuiwa. Hao walikuwa watu wazima, kweli, lakini radikali huru kidogo zinazotokana na misuli inayofanya kazi zinaonekana kuwa ishara ambayo mwili unaihitaji.

Kwa watafiti wa Afrika Mashariki funzo ni la gharama nafuu. Hatua ya Tanner hupimwa na daktari mwenye mafunzo, bila mashine. Utafiti wowote wa msongo wa oksidishaji kwa watoto usioripoti hatua ya balehe urejeshwe kwa mwandishi kabla ya kuchapishwa. Na hadi tafiti za namna hiyo zipatikane, fedha za kununulia vidonge vya antioksidanti kwa watoto wanene wasio na ugonjwa wa ini zingetumika vyema zaidi kwenye viwanja vya michezo na chakula cha shuleni.