Mtungi wa Lita Ishirini

Nyanya yangu alilazwa kwa nimonia. Siku ya tano kifua kilikuwa kimetulia, lakini tumbo likaanza kumuendesha, mara nane, mara kumi kwa siku. Sisi tukalaumu chakula cha wodi. Daktari, kijana wa rika langu, akauliza swali moja tu: "Shosho amepewa antibayotiki gani?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 1935, huko Marekani, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole walimpata bakteria mpya kwenye choo cha watoto wachanga wenye afya. Kumkuza maabara kulikuwa kazi, wakampa jina la Kilatini lenye maana ya "mgumu". Kwa miaka mingi hakuna aliyemhofia. Miaka ya sabini, wagonjwa waliopewa klindamaisini wakaanza kuharisha vibaya, wengine wakafa. Mwaka 1978, John Bartlett na wenzake wakaonyesha kwamba mhalifu ni yule yule mgumu. Leo anaitwa Clostridioides difficile.

Sisi wa Isiolo tunaelewa malisho, basi fikiria utumbo hivyo. Bakteria wazuri ni nyasi. Antibayotiki ikipita, inafyeka nyasi pamoja na magugu. Mgumu anabaki, anatawala uwanja, anatoa sumu. Akitoka na kinyesi anajifunika ganda, na anaweza kukaa miezi kwenye chuma cha kitanda au kishikio cha mlango, akingoja mkono wa kumbeba hadi kitanda cha pili.

Na usidhani ni shida ya majuu tu. Mwaka 2021, watafiti walichapisha matokeo kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta: bakteria huyu yuko kwa wagonjwa waliolazwa, na mara nyingi ni sugu kwa dawa kadhaa.

Tatizo ni kwamba sanitaiza, ile tuliyoizoea wakati wa Korona, haiui ganda hilo. Lazima sabuni na maji yanayotiririka yaliondoe mkononi, na jiki ipigwe kwenye vitanda na vyoo. Sasa niambie, katika mji ambao mfereji unaweza kukauka siku tatu, muuguzi anawe mara ngapi kwa zamu moja?

Enzi za mkoloni, ng'ombe wa kaskazini walizuiwa Isiolo kwa karantini kabla ya kuuzwa kusini. Wafugaji waliichukia, kwa sababu ilibana soko lao. Lakini kumtenga mnyama mgonjwa hawakufundishwa na mzungu, walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Mifugo ikatengewa uwanja mzima. Mgonjwa wa kuharisha anahitaji choo chake tu, na mara nyingi anakikosa.

Daktari alisimamisha dawa ya kwanza, akaandika nyingine. Mamangu hakusubiri mfereji. Alileta mtungi wa lita ishirini na kipande cha sabuni, akaviweka karibu na kitanda. Kila mgeni alinawa akiingia, akanawa tena akitoka. Baada ya wiki moja nyanya aliomba chai ya maziwa, tukajua anarudi nyumbani.

Siku hizi nikienda kwa duka la dawa na mafua, naulizwa kama nataka Amoxil. Nakumbuka ule mtungi, najibu hapana.