Sarakasi za Wachina na Misingi Yake

Katika jimbo la Hebei, kaskazini mwa China, imo wilaya ya Wuqiao, ambayo wakulima wake, kwa sababu ya ardhi yenye chumvi na mafuriko yaliyowaandama, walizoea tangu dahari kutafuta riziki kwa ustadi wa viungo vyao. Na ala zao zilikuwa vyombo vya nyumbani: bakuli, sahani, mitungi, meza na viti. Kaburi la karne ya 6 lililofukuliwa wilayani humo limechorwa kutani watu wasimamao kwa mikono na wazungushao sahani, ushahidi tosha wa ukongwe wa sanaa hiyo.

Hata hivyo, kwa karne nyingi wanasarakasi walidharauliwa, wakatangatanga masokoni, na elimu yao ikarithishwa baba kwa mwana pasipo kitabu. Mwaka 1950 serikali mpya iliwakusanya mabingwa na kuunda kikundi cha taifa, na aliyekuwa akiokota sarafu chini akawa msanii mwenye taadhima. Baraka ya siasa hiyo ilifika hata kwetu, kwani vijana wa Tanzania waliopelekwa China katika miaka ya 1960 walijifunza kwa miaka 4, na waliporejea likaundwa, mwaka 1969, kundi la sarakasi la taifa.

Wako wahafidhina wanaodai kwamba taa, muziki na hadithi zilizoingizwa jukwaani zimeiharibu sanaa hii, nami siafikiani nao. Katika onyesho la Swan Lake la wanasarakasi wa mji wa Guangzhou, Wu Zhengdan alisimama kwa ncha ya mguu mmoja juu ya bega la mwenzake Wei Baohua, kisha juu ya utosi wake. Jambo hilo lisingaliwezekana hata kwa nukta moja lau wawili hao hawakulelewa katika misingi minne ya kale, yaani kiuno, miguu, kupinduka, na kusimama kwa mikono, ambayo mtoto huanza kuifunzwa angali mdogo, kichwa chini, nyayo zikiegemea ukuta, mpaka mikono itetemeke.

Mwaka 2006 sarakasi za Wuqiao ziliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa la China, na heshima hiyo zinaistahili. Walakini ufundi ukaao mwilini hufa pamoja na mwenye mwili asipopata wa kumwachia. Basi atakaye udumu na amtunze kwanza mwalimu, tena ampe mwanafunzi masomo ya darasani pamoja na ya viungo, ili mzazi asiogope kumtoa mwanawe. Mavazi na muziki na vifuate zama zake, maadamu saa za mazoezi hazipunguzwi.